Nilikilaani Kitabu Nisichokisoma

Mimi ni mzazi wa Entarara, Kaunti ya Kajiado. Si mwalimu, si wakili, wala si mhubiri. Shule niliiacha darasa la tano, marehemu baba aliponiambia kwamba ng'ombe hawana mtu. Simlaumu. Wengi wa rika langu tuliitwa hivyohivyo, na aliyebaki darasani alionekana kama mtoto asiyekuwa na kazi kwao. Nasimulia haya kwa sababu najua kuna mzazi mwenzangu aliyekaa leo pale nilipokuwa nimekaa mimi, na hana habari kwamba amekaa vibaya. Sikuwa na habari mimi pia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shule ni ya mwalimu na boma ni langu. Kazi yangu kwa upande wa shule ilikuwa kulipa. Nikiuza mbuzi nikalipa kilichotakiwa, nilijiona nimemaliza ubaba wangu kwa muhula huo. Mikutano ya wazazi nilimwachia mama watoto. Akirudi nilimuuliza jambo moja tu: "Wanataka pesa ngapi?" Ripoti zilipoletwa nilitafuta mahali palipoandikwa nambari ya mtoto darasani. Wa tatu, wa kumi na mbili, wa ishirini. Hiyo niliielewa, na kwa hiyo nilisifu au niligomba. Yale maandishi mengine hayakunihusu.

Mtaala wa Umilisi, huu tunaouita CBC, ulipoanza nchi nzima Januari 2019, niliujua kwa upande wa mfuko. Leo ni karatasi za rangi, kesho ni maboksi, kesho kutwa mtoto anataka kuchapishiwa picha na mashine ya kuchapisha iko mbali. Mwaka 2021 nikasikia redioni kwamba wakili mmoja, Esther Ang'awa, ambaye pia ni mzazi, amekwenda mahakamani kuupinga. Nilimshangilia kwa sauti. Lakini ungeniuliza anapinga nini hasa, ningesema "gharama", kisha ningenyamaza, maana sikuwa na neno la pili.

Halafu ukaja ukame wa 2022. Aliyeishi Kajiado mwaka ule hahitaji kusimuliwa. Mizoga ilikuwa kando ya barabara na harufu ilikufuata hadi ndani ya matatu. Mwishoni mwa mwaka huo kamati ya Profesa Raphael Munavu, iliyoteuliwa na Rais William Ruto mwezi Septemba ili iangalie upya elimu yetu, ilizunguka kaunti zote 47 ikikusanya maoni ya wananchi. Kajiado ilikuwemo. Tangazo nililisikia. Sikwenda. Nilikuwa mnadani natafuta mtu wa kununua ng'ombe waliobaki kabla hawajawa mifupa. Ningeweza kujitetea kwa ukame, na watu wangenielewa, ila jirani yangu aliyekuwa amepoteza mifugo mingi kuliko mimi alikwenda, akasimama, akasema yake, akarudi kwa miguu.

Januari 2023 nikapata kazi ya ulinzi Kitengela, lango la ploti ya kupangisha, zamu ya usiku. Nyumbani nilirudi mwisho wa mwezi. Binti yangu mdogo alikuwa amefanya ule mtihani wa kwanza kabisa wa KPSEA, wa mwisho wa Gredi ya 6, Novemba iliyotangulia, na sasa alikuwa Gredi ya 7, wale wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi waliobaki palepale kwenye uwanja wa shule ya msingi. Hata hilo nililijua kwa sababu ya sare mpya.

Usiku wa mlinzi ni mrefu na simu ndiyo mwenzake. Mwezi wa Februari habari zilikuja kwa kufuatana. Kutoka Tanzania tukasikia Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, amepiga marufuku vitabu kadhaa shuleni, pamoja na mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwamba haviendani na maadili. Baadaye mwezi huohuo Mahakama yetu ya Juu ikaamua kwamba halikuwa jambo la haki kulikatalia usajili shirika linalotetea watu wa mapenzi ya jinsia moja, na nchi ikawaka. Waziri wetu wa Elimu wa wakati huo, Ezekiel Machogu, akaunda kamati iongozwe na Askofu Mkuu Jackson ole Sapit kuangalia suala hilo shuleni. Hofu ilikuwa hewani, na mimi niliivuta yote. Kila usiku kwenye WhatsApp niliingia makundi ambayo sikumbuki nani aliniingiza. Siku moja ikaja picha ya ukurasa. Waliandika kwamba umetoka kwenye kitabu cha Sayansi cha Gredi ya 7 na kwamba serikali inawafundisha watoto wetu uchafu. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea njia. Niliiangalia ile picha, damu ikanipanda, nikaituma kwa kila mzazi niliyekuwa na nambari yake.

Muhula ulipokaribia kufungwa mwezi Aprili, niliomba ruhusa kazini nikahudhuria mkutano wa wazazi. Ulikuwa wa kwanza kwangu baada ya miaka mingi sana. Walizungumzia chakula cha mchana, choo cha wavulana, deni la maji. Sikusikiliza. Nilingoja "mengineyo". Ilipofika nikasimama, nikamnyooshea kidole mwalimu wa sayansi mbele ya wazee, akina mama na wanafunzi waliokuwa wakichungulia madirishani. Nikamuuliza kama mama yake anajua kazi anayofanya. Nikasema tunayo haki ya kujua watoto wetu wanafundishwa nini, na kwamba kitabu kile kichomwe.

Nilipigiwa makofi. Nakiri kwamba yalinipendeza.

Yule mwalimu alikuwa msichana mdogo tu, mmoja wa wale walioajiriwa mwaka huo kwa kandarasi za mafunzo kazini kufundisha sekondari msingi, malipo shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mlinzi wa Kitengela hakuwa mbali naye sana. Hakujibu kitu mkutanoni. Watu walipotawanyika alinifuata hadi chini ya mti nilipokuwa nikipongezwa.

"Mzee, shikamoo. Hicho kitabu umekisoma?"

"Nimekiona."

"Umekiona chenyewe, au umeona picha ya ukurasa?"

Sikumjibu. Akaingia ofisini akarudi na kitabu kilichovikwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili. "Hiki ndicho. Soma na mtoto. Unirudishie Jumatatu, ni mali ya serikali." Kisha akaenda zake.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Nilikuwa nimemdhalilisha. Angeweza kuniambia nimtafute mwalimu mkuu, au niandike barua, au tu angenikalia kimya na kila mtu angesema ana haki. Badala yake aliniamini na kitabu ambacho kikipotea angelipa yeye. Wema ule sikuufanyia kazi yoyote.

Usiku ule nilimwita binti. Taa ya sola ikawekwa mezani. Nikamwambia anioneshe ule ukurasa mbaya. Akanyamaza, kisha akauliza, "Upi, baba?" Nikatoa simu nikamwonesha. Tukakifungua kitabu kuanzia jalada la mbele hadi la nyuma, jani kwa jani, na ile picha haikuwemo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Haikuwemo.

Kilichokuwemo ni mada ya uzazi wa binadamu. Binti alisoma kwa Kiingereza, kisha akaniambia kwa Kiswahili, na pale palipomshinda akatumia Kimaa huku akitazama meza. Hedhi ni nini na inakuja kwa mzunguko gani. Mimba inatungwaje. Magonjwa ya zinaa yana dalili zipi na mtu ajikinge vipi. Mchoro ulikuwepo, mchoro wa kawaida wa viungo vya ndani. Nami ni mtu ambaye maisha yangu yote nimezungumza juu ya fahali na mitamba mbele ya watoto haohao bila kupepesa jicho. Nimemwita binti huyuhuyu anishikie tochi ng'ombe alipokuwa akizaa vibaya. Jasho lililonitoka usiku ule halikutokana na kitabu.

Tulipofika kwenye hedhi alisema, bila kuninyanyulia uso, kwamba mwaka uliopita alipoiona mara ya kwanza alidhani ameumwa na atakufa, akakaa siku mbili bila kwenda shule. Mama yake alijua. Mimi niliambiwa ana malaria. Tangu 2017 sheria inaitaka serikali impe kila msichana aliyebalehe katika shule ya umma sodo za bure. Jambo ambalo Bunge lilikuwa limelizungumza waziwazi, mimi ndani ya nyumba yangu sikuwa nimelitaja.

Ningesema hapo ndipo nilipogeuka, lakini si kweli. Hapo niliaibika tu, na aibu peke yake hugeuka hasira upesi. Nilitaka kulala. Mama watoto, aliyekuwa amekaa kimya upande wa jiko muda wote ule, ndiye aliyesema, "Na kile cha dada yake je? Hicho utakichoma lini?"

Nikamuuliza kitabu gani.

Binti yangu mkubwa alifanya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka 2019. Kimoja cha vitabu vya lazima vya Kiingereza walivyosoma Kidato cha Tatu na cha Nne ni riwaya iitwayo Blossoms of the Savannah. Mwandishi ni Henry ole Kulet, Mmaasai mwenzetu, aliyefariki 2021. Kwa riwaya hiyo alipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2009. Inahusu ndugu wawili, Taiyo na Resian, ambao baba yao, ole Kaelo, anawahamisha kutoka mjini Nakuru na kuwarudisha kwao Nasila, na huko wanakutana na mambo mawili: kukeketwa na kuozwa. Kitabu hicho kilikaa nyumbani mwangu likizo baada ya likizo. Nilikihamisha kwa mkono wangu mezani nipate pa kuweka chai. Kilikuwa kinazungumza habari za watu kama mimi, kwa majina kama yetu, na mimi sikujua hata kinaitwaje.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo nimelisema hadharani mara chache. Mwishoni mwa 2018 ndugu zangu walinijia kuhusu binti huyo. Walisema amekwisha kuwa mkubwa, kwamba taratibu zake zimechelewa, na kwamba yupo mtu aliyemuulizia. Sikukubali. Sikukataa pia. Nilikaa kimya nikakoroga chai, na katika boma la baba aliyenyamaza mambo huendelea. Juma lilelile mama watoto akaniambia anampeleka msichana kwa mjomba wake Kitengela apate masomo ya ziada ya likizo. Nikasema sawa, nikatoa nauli. Sikujua kwamba natoa nauli ya kumtorosha mtoto kutoka mikononi mwangu.

Binti alikuwa amemsomea mama yake kitabu chote, usiku, mimi nikiwa nimelala au niko kwa wazee. Mama watoto hakusoma hata darasa moja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mizigo.

Nilirudi Kitengela nikiwa mtu mwingine kidogo, si sana. Binti yangu mkubwa anafanya kazi kwenye duka la nguo humohumo mjini. Nilikuwa nikilinda lango usiku, mwendo mfupi kutoka anakolala. Nikaenda kumwona. Nikamuuliza kuhusu kile kitabu. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Baba, nilikuwa nakiacha mezani makusudi. Nilitaka uniulize kinahusu nini."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniagizia chai.

Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la Daktari Tatu Kamau lililotaka sheria hiyo ifutwe. Kwa hiyo mimi, niliyesimama mkutanoni kutetea maadili, nilinusurika gerezani kwa sababu ya kitabu cha shule na mwanamke asiyejua kusoma. Mungu alinihurumia kwa mikono ya watu ambao sikuwa nimewauliza kitu. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo.

Na kuna swali ambalo bado linanisumbua, nalo nakuachia na wewe. Kama mwaka 2018 mtu angenipa mamlaka ya kupitia vitabu vya shule na kuondoa nisivyovipenda, ningeondoa kipi? Ningekiondoa hicho cha ole Kulet. Ningepigiwa makofi pia.

Mtu anaweza kusema, basi wazazi wakae mbali na vitabu, wawaachie wataalamu. Nililiwaza hilo kwa miezi kadhaa, na huenda ningebaki hapo kama si mwalimu yuleyule. Muhula wa pili nilisimama tena mkutanoni, safari hii kumwomba radhi mbele ya walewale walionipigia makofi. Wachache walicheka. Mwalimu alisema "asante, mzee", halafu akaomba jambo ambalo sikulitarajia: wazazi waitwe kabla hajafikia mada ya uzazi darasani, waoneshwe kitabu, waulize, kisha afundishe. Alisema mzazi aliyeona kitabu humsaidia mwalimu, na aliyesikia habari zake humwogopesha. Mwaka uliofuata ilifanyika hivyo. Akina mama walikuwa wengi, akina baba tulikuwa wachache na tulikaa karibu na mlango.

Nilijiandikisha masomo ya ngumbaru Kitengela, mchana, baada ya kulala kidogo. Mwanzo ulikuwa mgumu. Herufi nilizijua, lakini sentensi ilinichosha kabla haijaisha. Nilipoweza kusoma ukurasa bila kusimama, nilianza kuuliza hiyo haki niliyoipigia kelele imeandikwa wapi.

Niliyoyakuta yalinishangaza. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule, ambaye kwetu mara nyingi ni kanisa, jukumu la kushiriki na kutoa mapendekezo juu ya kupitia upya silabasi, mtaala, vitabu na vifaa vya kufundishia. Imeandikwa wazi, tena ndiyo jukumu la kwanza kwenye orodha yake. Kisha ukienda kwenye Jedwali la Tatu, panapoelezwa kazi za chama cha wazazi, unakuta afya na lishe ya wanafunzi, njia za kuchangisha fedha, ada za kupendekeza, miradi ya kusimamia, nidhamu, kuwatia moyo walimu. Vitabu havikutajwa. Nilisoma mara tatu nikidhani ni Kiingereza changu. Mzazi ametajwa kwa mfuko wake na kwa fimbo yake. Mtaala amepewa askofu. Sina ugomvi na kanisa, mimi mwenyewe huimba kwaya, lakini naona sheria hiyo ilituona sisi wazazi jinsi nilivyojiona mwenyewe zamani, na hilo linafaa kurekebishwa.

Hata hivyo milango ipo. Halmashauri ya shule ina viti sita vya watu wanaochaguliwa kuwakilisha wazazi, na huko ndani hakuna anayeweza kukuzuia kuuliza kuhusu kitabu. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na shule ya umma ni dola. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala, KICD, imeweka miundo ya mtaala kwenye tovuti yake, kila gredi na kila somo, bure. Pia hutoa orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, ambayo walimu huiita Orange Book. Miaka yote niliyokuwa nikituma picha za WhatsApp, karatasi halisi zilikuwa kwenye simu hiyohiyo, na bando lilikuwa lilelile.

Mwaka 2024 nilichaguliwa mwakilishi wa darasa la kijana wangu, maana nina mvulana pia, kwenye chama cha wazazi. Nilitaka sana kupata kosa, nisifiche. Mtu aliyeaibika hutafuta nafasi ya kuwa sahihi. Nikalipata moja. Tulikuwa tumeambiwa kila mzazi anunue kitabu fulani cha mazoezi. Nikakitafuta kwenye orodha iliyoidhinishwa, sikukiona. Nikampelekea mwalimu mkuu kimyakimya, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Akaniambia orodha tuliyopewa wazazi aliletewa na muuzaji na hakuikagua. Kitabu kikaondolewa, na wazazi ambao hawakuwa wamenunua waliokoa pesa yao. Waliokwisha kununua hawakurudishiwa, na bado wananiuliza mimi.

Sijakubaliana na shule katika yote. Ile mada ya uzazi naona wavulana na wasichana wangefundishwa kila upande peke yake, angalau vipindi vya kwanza. Nililisema, walimu wakakataa, wakatoa sababu zao: kwamba mvulana asiyeijua hedhi ndiye anayemcheka msichana mwenye doa kwenye sketi. Hoja walinishinda. Mawazo sijabadilisha. Tunaendelea kusalimiana.

Na nyumbani pia si kila kitu kimenyooka. Kaka yangu mmoja hanipi mkono tangu niliposema waziwazi kwamba binti zangu hawataguswa. Mwalimu wa sayansi alikwisha kwenda kwingine, na nilichelewa kumuaga. Binti mdogo alifika Gredi ya 9, na mwaka 2025 alipotakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu, tulikaa wote mezani, mimi, mama yake na dada yake kwenye simu, tukasoma mikondo mitatu mmoja baada ya mwingine. Alichagua sayansi. Nilikuwa nimependa sanaa na michezo, maana anaimba vizuri; alinisikiliza kwa adabu na akachagua sayansi.

Juni ya mwaka huohuo nilisikia habari za wazazi wa Maryland, Marekani, Waislamu na Wakristo, walioishtaki wilaya yao ya shule kwa sababu ya vitabu vya hadithi vilivyogusa mambo ya jinsia. Mahakama ya Juu ya huko ikaamua kwamba wapewe taarifa mapema na waweze kuwatoa watoto wao kwenye masomo hayo wakati kesi inaendelea. Wenzangu kijiweni walishangilia. Mimi niliangalia jambo moja: wazazi wale walifika mahakamani wakiwa na vitabu vyenyewe, kwa majina.

Ndugu mzazi, baba hasa, nakuomba hivi. Leo jioni mwombe mtoto kitabu chake kimoja, chochote, akusomee kurasa mbili. Kama lugha inakushinda, mwache akueleze. Usimkemee akitafuta maneno. Ukiona jambo linalokukera, nenda kwa mwalimu kabla hujaenda kwa umati. Nimefanya vyote viwili na najua tofauti yake. Shule ikikunyima kuona wanachofundisha, andika ombi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuliandika kwa Kiswahili, na inawapa siku 21 za kukujibu. Na kama hujui kuandika kabisa, kama mama watoto wangu, usione haya kwenda. Sema ombi lako kwa mdomo; sheria hiyohiyo inamtaka afisa aliandike na akupe nakala yako.